Mstari wa Baba

Kitengela
Ijumaa, 6 Septemba 2002

Mama,

Mhariri amesema hapana. Amesema leo asubuhi akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mbele ya dawati zima la habari: hakuna mwandishi wa siasa atakayepewa likizo kabla ya uchaguzi kwisha na matokeo kutangazwa. Nilimkumbusha kwamba niliomba tangu Januari. Akasema Januari hakukuwa na kampeni.

Kwa hivyo sitasafiri nawe kwenda Kyoto. Najua tulivyokubaliana. Tangu Setsuko amalize kufundisha hesabu hapo shuleni kwenu Kajiado na kukuachia ile kalenda ya 1991, tumekuwa tukisema kwamba siku zake zikirudi sawa na za mwaka mwingine, tutakwenda kuiona ile picha ya Novemba, ya majani mekundu, kwa macho. Mwaka wenyewe ni huu. Nimeangalia tena: Novemba mosi ni Ijumaa kwenye kalenda yako na ni Ijumaa kwenye yangu ya ofisini.

Tafadhali usiahirishe. Uko na visa, uko na tiketi, na Setsuko ameandika kwamba chumba cha marehemu mama yake ni chako mpaka utakapochoka. Siku hazitalingana tena hadi 2013. Utakuwa na miaka sabini na miwili, na mimi nitakuwa nimepata kisingizio kingine.

Nitakuja Jumapili tuongee. Mwambie Baba aliyeshindwa ni mimi, si wewe.

Maryanne


Kajiado
12 Septemba 2002

Maryanne,

Jumapili hukuja. Mdogo wako Cindy ameniambia gari la kazini lilikupeleka Narok kwenye mkutano. Naandika kwa sababu nikikungoja tutaongea Krismasi.

Nitakwenda peke yangu. Baba yako hajakubali. Juzi alikuwa anakunywa chai, akaniuliza, "Mwalimu, kweli unapanda ndege kwenda kuangalia majani yakianguka?"

Nikamwambia ndiyo.

"Hapa yanaanguka bila pasipoti. Toka nje uone."

Nikamwambia ya hapa huanguka kwa kiu, ya kule huanguka kwa ratiba. Akasema basi serikali yao ni kali kweli, kama hata miti inafuata ratiba. Cindy alicheka mpaka akamwaga chai.

Nimefundisha majira manne miaka ishirini na tisa. Nimechora ule mti ubaoni kwa chaki nyekundu mara nyingi hata naweza kuuchora nikiwa nimeligeukia darasa. Kuna msichana aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, wewe umeyaona?" Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata.

Baba yako unamjua akinuna. Hatumii mdomo wala kalamu. Nilipouza yule ng'ombe wetu mtamba wa kwanza bila kumuuliza, alinisemesha kupitia Cindy mwezi mzima: mwambie mama yako chumvi imezidi, mwambie mama yako kuna mgeni mlangoni. Sitaki kukaa ugenini nikikisia hali yake. Kwa hiyo tumepatana hivi. Kila Jumapili utakuja hapa Kajiado, uniandikie barua kwenye meza hii, na yeye ataongeza mstari mmoja chini kwa mkono wake. Mmoja tu. Mstari usipokuwepo nitajua amenuna tena. Nilipomwambia hivyo akasema, "Haya." Unaijua hiyo haya.

Simu ya nyumbani bado ni bubu, nyaya ziliibwa na hakuna aliyerudi kuzifunga. Nitapiga ya mkononi yako siku ya kufika, basi. Nambari ya Setsuko uko nayo kwa dharura.

Mama yako,
Naliaka


Kyoto
Jumapili, 27 Oktoba 2002

Maryanne, Cindy, na Baba yenu,

Majani bado ni mabichi. Aliyesema hivyo ni mtangazaji wa televisheni, ambaye kila jioni baada ya habari za mvua huweka ramani ya nchi na kuonyesha wekundu umefika wapi. Huanzia kaskazini kwenye baridi, kisha hushuka polepole, kama lile gari la chanjo ya ng'ombe ambalo Baba yenu alikuwa akilitolea dawa stoo: leo liko huku, wiki ijayo kule. Mji huu una watu zaidi ya milioni moja na naona wote wanalingojea hilo gari.

Setsuko amenenepa kidogo na Kiswahili chake hakijaondoka. Alinisalimia uwanja wa ndege, "Sopa, Mwalimu," kama mama wa maziwa wa Kimaasai pale kwetu, na watu wote wakageuka. Anafundisha shule iliyo karibu na nyumbani. Akiwa kazini mimi hutembea kando ya mto. Kuna miti ya matunda, Setsuko huiita kaki, isiyo na jani hata moja lakini imejaa matunda ya rangi ya machungwa. Nilidhani ni mapambo, mpaka ndege akaja akadonoa moja.

Baridi inaingia mifupani. Nilipofungua sanduku nilikuta koti la Baba yenu la kazini, lile zito la khaki, limekunjwa chini kabisa. Sikuliweka mimi. Namwachia Cindy amwambie asante, kama bado tunasemeshana kupitia Cindy.

Narudi tarehe 20 Novemba kama nilivyomwahidi. Setsuko anasema wekundu huiva baada ya katikati ya Novemba, huenda siku zile zile ninazofunga mizigo, na kwamba tiketi inaweza kubadilishwa mara moja. Nimekataa. Nilisema tarehe 20.

Naliaka


Kajiado
Jumapili, 3 Novemba 2002

Mama,

Baba amesema nikuambie mtamba anakula. Barua yako bado haijafika, lakini tulifurahi ulipopiga simu.

Baba ameihamisha kalenda ya Setsuko kutoka sebuleni hadi jikoni, anakoshinda siku hizi, na kila asubuhi anapiga msalaba wa penseli kwenye siku iliyopita. Nilimuuliza sababu. Akasema karatasi iliyochapishwa siku na haitumiki ni hasara. Cindy anapika vibaya na anajua. Baba anakula vyote na kusema haya.

Kesho naelekea pwani na msafara wa kampeni hadi mwisho wa wiki. Nitaandika tena Jumapili.

Maryanne

Mtamba yuko sawa. Mvua bado. D. Otiende


Kajiado, hospitali
Ijumaa, 8 Novemba 2002
Kwa mkono wa jirani yetu Wainaina

Maryanne,

Baba ameanguka. Nimepiga simu yako na simu ya Wainaina mpaka ikazima, inasema haupatikani. Anateremka Kitengela na pickup, ataacha hii kwa mlango wako.

Ilikuwa asubuhi akipelekea mtamba maji. Nilisikia ndoo. Nilipotoka ako chini, mdomo umeenda upande. Daktari amesema ni kiharusi. Mkono wa kulia hausongi kabisa. Anaongea, lakini ni kama ako na ugali mdomoni. Unajua ameniambia nini? "Cindy, funga mtamba." Nikalia nikicheka.

Baba Mdogo Omolo amefika kutoka Kiserian. Nimemwambia tupigie Mama, nambari iko kwako. Amesema hakuna mtu atapigia mtu yeyote simu mpaka aseme yeye. Si ukuje tu.

Cindy


Kajiado
Jumamosi, 9 Novemba 2002

Kwa binti yangu Maryanne,

Nakusalimu. Ukifika nitakuwa nimerudi Kiserian kufungua duka, kwa hiyo nimemwachia Cindy barua hii akupe.

Daktari amesema ndugu yangu atakaa hospitalini apate kuangaliwa, na wengi wa hali yake hupata nafuu. Habari hii tumeipokea na tumeamua kama familia. Shemeji yangu Naliaka hataambiwa. Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari nzito akiwa peke yake. Huambiwa akishafika, ameketi nyumbani, na watu wamekaa kando yake. Nyanya yako alipofariki, mimi na baba yako tulikuwa kazini Mombasa, na tuliitwa nyumbani tukiambiwa ni mambo ya shamba. Hatukumlaumu mtu. Mfikirie mama yako ndani ya ndege mchana kutwa na usiku kucha na habari hiyo kifuani, akiwa amekaa na wageni.

Tarehe 20 si mbali. Atamkuta mumewe anakunywa uji, na tutamweleza yote.

Nilimuuliza ndugu yangu kama anakubali. Alifumba macho. Nimechukulia kwamba ni ndiyo.

Najua kazi yako ni kusema. Safari hii kazi yako ni kunyamaza. Mwandikie kama kawaida.

Baba yako mdogo,
Omolo


Kajiado
Jumapili, 10 Novemba 2002

Mama,

Barua yako ya tarehe 27 ilifika Ijumaa. Cindy amefikisha asante ya koti.

Mvua imeanza. Ilinyesha usiku wa kuamkia jana na barabara ya kwenda sokoni haipitiki. Mtamba ni mzima. Msafara wa pwani ulikuwa na joto na hotuba zile zile, kilichobadilika ni kofia tu.

Baba hakuandika leo. Ameenda Kiserian kwa Baba Mdogo. Kuhusu tiketi, amua unavyoona.

Maryanne


Kajiado
Jumatatu, 11 Novemba 2002

Maryanne,

Jana uliondoka bila ile karatasi ya Baba. Ile ameandika na mkono wa kushoto, mimi nikimshikia ubao wa chakula. Aliitisha kalamu yeye mwenyewe, akasema ni Jumapili. Imetoka kama ya mtoto wa nasari lakini inasomeka: *Mvua imenyesha. D.* Ilibaki chini ya sahani. Uliisahau ama uliiacha?

Nimempa Wainaina. Weka kwa bahasha kabla uende posta.

Cindy


Kitengela
12 Novemba 2002

Cindy,

Karatasi nimeipata. Barua ilikuwa imeshaondoka asubuhi, na hata ingekuwa bado, nisingeitia. Mama amesahihisha mwandiko wa watoto maisha yake yote. Akiona herufi moja atajua, na atajulia huko peke yake. Usimwambie Baba kwamba haikwenda.

M.


Kajiado
Jumatatu, 18 Novemba 2002

Maryanne,

Anauliza Mama kila siku. Baba Mdogo amemwambia ako njiani, atafika Jumatano. Hiyo angalau si uongo. Leo ameniambia nitoe shati lake nyeupe nyumbani, ile ya kanisa, na nipige pasi. Nimemwambia Baba, ni hospitali, hakuna mtu anavaa shati. Akasema, "Wewe piga."

Jumatano nani anaenda kumchukua, wewe ama Baba Mdogo?

Cindy


Kyoto
Jumatatu, 18 Novemba 2002

Maryanne,

Barua yako ya tarehe 10 imefika leo. Haina mstari wake.

Umeandika kwamba alikuwa Kiserian. Baba yako hajakanyaga Kiserian siku ya Jumapili tangu Omolo aanze kufungua duka wakati wa ibada. Hata harusi ya mtoto wake alikwenda Jumamosi akarudi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo unamfunikia. Sikukulea kufunikia watu, na sikudhani utaanza na baba yako.

Najua kilichomkasirisha. Ni ile barua yangu niliyotaja kubadilisha tiketi. Hakusoma pale nilipokataa. Baba yako husoma mpaka pale panapomuudhi, kisha hukunja.

Leo nilikuwa nianze kufunga sanduku. Nje ya dirisha la Setsuko kuna mti mmoja mdogo ambao ncha zake tu ndizo zimepata rangi, kama mtoto aliyechovya vidole kwenye wino. Nimeutazama, nikaitazama barua yako. Nimemwambia Setsuko abadilishe tiketi iwe tarehe 4 Desemba. Kama amenuna, anune mpaka majani yaishe mitini.

Setsuko atakutumia faksi kazini kesho ili mjue.

Mama yako


Faksi
Kyoto, 19 Novemba 2002
Kwa Maryanne Otiende, dawati la siasa

Maryanne, habari za miaka mingi. Mimi ni Setsuko. Mwalimu Naliaka anataka kubaki hapa mpaka tarehe 4 Desemba. Majani yanaanza sasa kuwa mazuri sana.

Shirika la ndege linataka jibu leo. Kama kuna jambo lolote nyumbani, tafadhali niandikie kwa namba hii na ataondoka usiku wa leo, afike kesho kama tulivyopanga. Kama hakuna jambo, andika sawa.

Setsuko


Faksi
Nairobi, 19 Novemba 2002

Setsuko, sawa.

Maryanne Otiende


Kyoto
Jumanne, 26 Novemba 2002

Baba Maryanne,

Yamekuwa mekundu. Nimeyaona leo mwenyewe, kwa hiyo habari hii haina msemaji mwingine.

Ile picha ya kalenda ni lango la hekalu lililo juu ya ngazi ndefu. Setsuko aliomba ruhusa kazini akanipeleka. Aliyepiga picha alisimama karibu na mahali ambapo sasa pana mashine ya kuuza soda. Watu wamepanga foleni kutoka barabarani, wengi ni wazee wa umri wetu wenye fimbo na chakula kilichofungwa kwenye kitambaa, na hakuna anayesukuma. Mbele yangu kulikuwa na bwana na mkewe. Mke akinyosha kidole, bwana anaitikia kwa pua. Mke akinyosha kingine, bwana anaitikia tena kwa pua. Nikakukumbuka wewe na haya yako.

Nimefundisha kosa miaka ishirini na tisa. Si wekundu wa chaki. Chaki hukaa juu ya kitu. Huu uko ndani ya jani, na hauonekani vizuri mpaka usimame chini ya mti na jua liko upande wa pili. Umewahi kushika sikio la ndama ukalielekeza kwenye jua la asubuhi? Ni hivyo. Jani lenyewe ni dogo kama kiganja cha Cindy alipozaliwa. Kuna mti mwingine wa njano kabisa, ukitazama unataka kuimba, lakini matunda yake yakikanyagwa yananuka kama choo cha shule. Watoto wa chekechea wenye kofia za njano walikuwa wakikimbia humo wakiziba pua. Nilicheka peke yangu.

Sitaleta jani. Najua utauliza cheti cha karantini, kama ulivyonishusha basi kwenye kizuizi chako cha barabarani na ile miche ya ndizi ya Taveta mbele ya abiria wote. Koti lako limenitosha. Mfukoni nilikuta kipande cha chaki ya kutia ng'ombe alama, na sijakitupa.

Kama umenuna nimekuelewa. Niliondoka bila ndiyo yako. Lakini hizi wiki mbili za mwisho sikubaki kwa ajili ya majani, nilibaki kwa hasira, na nikiwa pale chini ya mti nilijua kwamba ningeyaona vizuri zaidi bila hiyo hasira. Nilitaka kugeuka nikuambie kitu, nikakuta ni Setsuko.

Ndege itafika tarehe 5 Desemba asubuhi. Uje kunipokea au usije. Ila nikifika unisemeshe wewe, si Cindy.

Naliaka


Kitengela
Alhamisi, 9 Januari 2003

Mama,

Cindy ameniambia kwa simu jana kwamba utakaa Emuhaya, nyumbani kwa akina Baba, mpaka mambo ya matanga yaishe, na kwamba hutaki kuitwa kwenye simu ninapopiga. Kwa hivyo naandika.

Baba alianguka Ijumaa tarehe 8 Novemba asubuhi, nyumbani Kajiado. Daktari alisema ni kiharusi. Baba Mdogo Omolo aliamua tarehe 9 kwamba usiambiwe hadi utakapofika. Nilikubali. Tarehe 19 Setsuko aliuliza kwa faksi kama kuna jambo nyumbani, nami nikajibu sawa. Kiharusi cha pili kilimpata Jumanne tarehe 26 mchana na akafariki kabla ya jioni. Cindy alikuwa naye. Mimi nilikuwa Nakuru kwenye mkutano. Nilikuwa na nambari ya Setsuko pochini wakati wote huo.

Barua yako ya tarehe 18 ilinifikia tarehe 28. Ndipo nilipojua kwa nini ulibaki.

Kwenye uwanja wa ndege ulimuuliza Baba Mdogo neno moja tu, "Lini?" Hukuuliza mtu mwingine kitu, wala siku ya mazishi, wala baadaye. Kuna barua yako kwa Baba iliyokuja kwenye sanduku la posta la Kajiado siku moja baada ya wewe kurudi. Sijaifungua.

Samahani, Mama.

Maryanne


Emuhaya
20 Februari 2003

Maryanne,

Barua yako nimeisoma. Imeandikwa vizuri. Ina tarehe, ina daktari, ina Omolo, ina faksi. Baba yako hayumo. Anaanguka mwanzoni na anakufa mwishoni, na katikati hasemi neno.

Omolo simkasirikii. Amekuja hapa mara mbili, ameketi, ameshindwa kunitazama usoni, nikampa chai. Alifanya alivyolelewa. Wewe ulisomea jambo lingine, na mimi ndiye niliyelipa karo nikijisifu kwa walimu wenzangu.

Wanawake wa hapa wananiuliza niliona nini huko. Nawaambia niliona baridi.

Nina swali moja na nataka jibu la kazi yako, si la kunituliza. Ule mstari. Alikataa kuandika, au hakuweza?

Naliaka


Kitengela
Jumamosi, 8 Machi 2003

Mama,

Aliandika. Jumapili tarehe 10 Novemba aliitisha kalamu mwenyewe, akasema ni Jumapili, akaandika kwa mkono wa kushoto huku Cindy akimshikia ubao. Aliandika: *Mvua imenyesha. D.* Jina lilimshinda. Niliuacha mstari huo kwa sababu ungeujua mkono. Baba Mdogo hakunituma hilo, na Cindy alitaka mstari utumwe. Niliamua mimi.

Hakuwa amenuna. Hakuisoma barua yako ya tiketi. Nilimsomea mimi kando ya kitanda, na nilipofika pale uliposema tarehe 20 alisema, "Haya."

Jumatano tarehe 20 alivaa shati jeupe. Cindy alimfunga vifungo, akamgeuzia kitanda aone mlango. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekwisha kujibu faksi na sikumwambia. Alikuwa akiuliza, "Imetua?" Baba Mdogo akasema ndege imechelewa. Aliuliza tena baada ya chakula, tukasema bado. Jioni akamwambia Cindy amvue shati asilikunje, atalivaa kesho. Alilivaa kesho yake pia. Siku ya tatu hakuuliza kitu, na shati likabaki kwenye msumari.

Kwa hiyo tulikuambia wewe yeye ni mzima, na tukamwambia yeye kwamba wewe unakuja. Nimeandika habari za watu wengi waliofanya kitu kama hiki, na sikuwahi kuhitaji zaidi ya aya mbili.

Ile karatasi iko hapa nyumbani kwangu, ndani ya kitabu. Nikutumie kwa posta?

Maryanne


Emuhaya
20 Machi 2003

Maryanne,

Usiitume kwa posta.

Mvua ilinyesha kweli siku ile? Najua ilinyesha, uliandika wewe mwenyewe kwenye barua iliyokosa mstari. Ningekuwa na maneno yale mawili ningefunga sanduku nikaja. Hata mwandiko ungekuwa umepinda, ningekuja. Hasa ungekuwa umepinda. Hilo ndilo ninalolala nalo, na sasa lala nalo na wewe. Sitakwambia ni kitu kidogo.

Lakini sitaki kulizungumza kwa barua tena. Nimechoka kumjua mume wangu kwa posta.

Kuna mambo ya Kajiado yananisubiri. Wainaina ametuma salamu kwamba mtamba anakaribia kuzaa, na Cindy hajawahi kuzalisha hata kuku. Pia usiitoe kalenda ukutani. Cindy anasema iko pale pale jikoni. Sijaiona tangu nirudi, na nataka kuangalia mwenyewe ile misalaba ya penseli iliishia siku gani. Usiniambie.

Nitapanda basi hapa kituo chetu cha Luanda Ijumaa tarehe 4 Aprili. Nitashuka Kitengela Jumamosi tarehe 5 asubuhi. Uje wewe, usimtume Cindy wala mtu wa kazini. Lete ile karatasi, na ile barua niliyomwandikia baba yako, ikiwa imefungwa bado. Kutoka hapo tutakwenda pamoja Kajiado, na utanisomea zote mbili jikoni, kwa sauti, ukianza na yake.

Mama yako,
Naliaka